Chemli ya Mkata Matete

Walipouleta nyumbani mwili wa mkata matete kutoka kinamasini, vidole vyake vilikuwa bado vimeing'ang'ania chemli. Mkewe aliitikisa. Halikubaki hata tone, na jana aliijaza mafuta pomoni kwa mkono wake mwenyewe.

Usiku uliotangulia, binti yao aliona mwanga ukipanda na kushuka juu ya matete. "Mama, yule si baba?"

"Nyamaza, mwanangu! Hizo ni taa za mizimu. Ukizifuata hurudi." Akafunga dirisha kwa komeo, kama alivyofunzwa na mama yake. Majirani nao wakafunga yao.

Sasa mama alifuta masizi kwenye kioo cha chemli kwa upindo wa nguo yake, akafuta, akafuta.

Binti alipita nyuma yake, akaenda kufungua dirisha.