Pengo Kwenye Miyenzi

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Dative alipoiona miyenzi, ile miti ya ua.

Ilikuwa kwenye picha ya kilima cha Rutshuru, iliyobandikwa juu ya ramani pale mezani, katika hoteli moja ya mtaa wa Keshero. Wageni wa ng'ambo ya mpaka na wakubwa wa Goma walikuwa wamekwisha kupatana: kiwanda cha maziwa kitajengwa huko juu, mahali pasipo na mtu. Ilibaki sahihi ya wafugaji tu, na wafugaji walikuwa wamemtuma yeye. Huko kwenye kambi ya wakimbizi wenzake walikuwa wakiisubiri kazi ya kiwanda hicho.

Akaiinamia picha. Miyenzi haijioteshi, hupandwa kuzungushia nyumba. Na lile pengo katikati yake lilikuwa lango la kwao, alilipita kila asubuhi na ndoo, kabla vita havijawakimbiza.

"Mama Dative," mkubwa mmoja akacheka, "unasaini ao unasali?"

"Ninaangalia, Papa. Munasema hapa hakuna mutu?"

"Hakuna. Majani tu. Ngombe zenu zitashiba!"

Dative akaivuta ramani. Juu ya kijani cha kilima kile akachora nyumba, kisha mlango, akaukoleza mpaka karatasi ikatoboka.

"Mama yangu anaingiaka hapa," akasema, na kalamu hakuirudisha penye sahihi.