Mbao za Tuta

Maradhi yalikuwa yamemaliza watu, na mbao zote za mjini zilikuwa zimeishia makaburini. Badi alisimama uani kwa Mwanakheri, mjane wa kaka yake, akilitazama tuta lililoinuliwa kwa mbao, nyanya zimebanana humo hapapiti kidole.

“Shemeji, nipe hizo mbao ziwe viunza vya kumkinga kaka na udongo.”

“Na wanangu wale nini? Nyanya zimebakisha siku chache tu.”

“Basi nimfukie hivihivi?”

Mwanakheri akaung'oa ubao wa kwanza mwenyewe. Udongo ukaporomoka, miche ikalala kifudifudi.

Wanaume wakatoka na jeneza na mbao. Kwenye ubao wa mwisho ulining'inia mche mmoja na nyanya yake mbichi. Mwanakheri, aliyebaki mlangoni na wanawake, aliifuata kwa macho mpaka kwenye kona.