Kiuno cha Mwanahawa

Siku hizi anayekaa kazini haumwi. Maumivu ya kiti humwendea mwenzake aliyeandikwa kwenye cheti cha ndoa, ili kazi zisilale.

Miaka tisa sasa Shemhilu, karani wa ushuru, alikuwa akirudi nyumbani mkakamavu na kumkuta mkewe Mwanahawa mkekani, kashika kiuno. Humkanda kwa mafuta ya nazi ya moto, humwambia pole, basi yakaisha.

Jumatatu alianza likizo. Aliapa hatakaa hata kidogo, mkewe naye apumzike. Alifagia, akafua, akabandika maharage, wima kama mlingoti. Mwanahawa aliamka mwepesi, akasuka ukili huku akiimba.

Saa nne, wakati ule ule wa kila siku, akaguna.

"Baba Zawadi, si ulisema leo hukai?"

"Sijakaa, mke wangu. Mimi huyu hapa, nimesimama na mwiko mkononi."

"Sasa mbona kiuno kimekaza? Tena upande wa kushoto."

Maumivu yanayotoka kwa Shemhilu yalizoea upande wa kulia. Labda ofisini wamemkalisha mtu kwenye kiti chake. Lakini kiti hakijui mke wa mtu. Cheti ndicho kinachojua; basi kuna cheti kingine chenye jina la Mwanahawa? Akataka kuuliza, akaweka mwiko chini na kumtazama. Mwanahawa naye alimkodolea macho, kana kwamba jibu analo yeye.

Akapasha mafuta, akapiga magoti, akaanza kumkanda upande wa kushoto.

"Pole," akasema, kama kila siku, asijue leo anaisema kwa niaba ya nani.