Kihisi cha Bi Yudith

Ijumaa asubuhi kihisi cha shambani kwa Bi Yudith, kule Ihumwa, kilizima tena. Vihisi vingine vyote vilikuwa vinapashana habari kama kawaida, shamba kwa shamba, kila kimoja kikimpa mwenzake kipimo cha unyevu wa udongo mpaka habari zifike ofisini Chimwaga. Cha Bi Yudith tu ndicho kilichonyamaza.

"Optatus, hicho kidude kina ugomvi gani na Ijumaa?" aliuliza Violeth, mkuu wa mradi. "Leo twende wote. Kama programu yako ina kasoro, nampa kazi mtu mwingine. Kama ni yule mama anakichezea, tunaking'oa, tunampelekea mkulima mwingine, Petro."

Optatus alichukua begi lake, lililokuwa tayari mlangoni na kilo ya sukari ndani, akamfuata garini.

Hakuwa msemaji tangu zamani, na Dodoma ilikuwa imemzidishia ukimya. Chumba chake cha Area D kilikuwa na kiti kimoja. Tangu mama yake azikwe Bukoba, simu yake haikulia ila kwa mambo ya ofisi. Upweke ulimuuma, na ulimuuma zaidi wakati wa kula.

Bi Yudith, mjane mwenye kishamba cha zabibu, aliwapokea uani.

"Shikamoo, mama," alisema Violeth.

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa, Optatus," alimsalimu kijana kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama."

Jamvi lilikuwa limeshatandikwa. Ugali wa uwele ulikuwa unatoa mvuke, na mlenda pembeni. Violeth alitazama chakula, akatazama kihisi kule kwenye mizabibu, akaona mambo yote yako wazi: mama ana nyumba tupu, watoto wote wako Dar, na kijana mpole huja kila mashine inapozima.

Optatus aliunganisha kompyuta, akaandika mistari miwili. Taa ndogo ya kijani ya kihisi ikawaka.

"Upesi hivyo?" alisema Violeth. Kisha akamgeukia mwenyeji wake. "Mama, niambie ukweli. Huwa unakifunika kwa sufuria kikose mawasiliano, ili huyu aje?"

Bi Yudith alimwangalia Optatus, aliyekuwa bado ameinamia kompyuta ingawa kazi ilikuwa imekwisha.

"Ndiyo, mwanangu, ni mimi," alisema. "Nikikosa mtu wa kula naye, nakifunika. Mkitaka kuking'oa, ng'oeni."

Violeth, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa anaishi peke yake Tanga, aliishiwa na ukali wote.

"Kibaki," alisema. "Ila usikifunike tena, mama. Optatus atakuja Ijumaa hata kama hakijaharibika."

Bi Yudith aliitikia, akamsogezea Optatus bakuli la mlenda. Optatus alichovya tonge bila kuinua macho. Asubuhi ile, kama Ijumaa zote, alikuwa ameketi mezani pake Chimwaga na kukipelekea kihisi kile amri ya kulala, nacho kikazima.