Shali ya Mama Mkwe

“Hapa Miyuji hakuna jicho linalojua ufumaji kuliko hili langu,” alisema Bi Mwanne, akaiinua shali dirishani. Akaikodolea. Akaigeuza. Akaigeuza tena. “Khalidi, hebu niletee miwani. Nadhani nimeishika juu chini.”

Munira alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, magoti yamebanana. Shali hiyo ndiyo iliyosimama kati yake na ndoa. Bi Mwanne alishatangaza: posa ya mwanawe Khalidi haitoki nyumbani kwake mpaka binti anayeposwa amfumie shali ya rangi mbili, yenye upinde, kwa mkono wake mwenyewe.

Na upinde ndio mtihani. Ili shali ikumbatie mabega, hufumi safu mpaka mwisho. Unaishia njiani, unageuka, unarudi ulikotoka, na safari inayofuata unaishia karibu zaidi. Ukizembea pale pa kugeukia, panabaki matundu ya kupitisha panya.

“Mwanamke asiyejua kurudi katikati ya safu,” Bi Mwanne alipenda kusema, “hatajua kurudi katikati ya ugomvi.” Majirani waliokwisha kugombana naye walikuwa wakikohoa tu.

Khalidi alileta miwani, lakini hakuondoka. Alikuwa utingo wa lori la alizeti, kitinda mimba aliyekulia miguuni pa mama yake kati ya madonge ya uzi. Akasimama mlangoni.

Bi Mwanne akavaa miwani. Kahawia, manjano, kahawia, manjano, pembe zikifuatana kama matuta ya shamba lililolimwa na mtu mwenye subira. Alitafuta tundu hata la kupitisha sisimizi. Hakuna.

“Ni shangazi yako yupi anayefuma hivi?”

“Sina shangazi anayefuma, mama. Nimefuma mwenyewe.”

“Khalidi, wewe ulimwona?”

“Kwa macho yangu haya, mama. Sindano zinakwenda mpaka unashikwa kizunguzungu.”

“Haya. Naona ukingo hujaumaliza. Chukua sindano, umalizie hapa nikuone.”

Munira akainua kidole gumba chenye plasta. “Nimejikata, mama. Nilikuwa namenya karanga.”

“Karanga? Kwa kisu?”

“Muhogo, mama. Nilitaka kusema muhogo.”

“Pole, mwanangu. Muhogo wa siku hizi una maganda mepesi kweli, unafanana na karanga.”

Kazi nzuri mno, na Bi Mwanne alikuwa mtu wa kuogopa kitu kizuri mno. Akaketi mkekani, akaiweka shali mapajani.

“Basi tuifumue,” alisema. “Kidole kikipona, utakuja kuifuma upya papa hapa kwenye mkeka wangu. Mwenye kazi yake hashindwi kuirudia.”

Akachomoa sindano, akavuta uzi.

Trrrr.

Hakuangalia uzi. Alimwangalia binti, juu ya miwani. Bi Mwanne alijua jambo moja: mfumaji hawezi kutazama kazi yake ikifumuliwa akanyamaza. Hata akiwa bubu, siku hiyo atasema.

Munira alichovya andazi kwenye chai aliyokaribishwa. “Fumua tu, mama. Bora uridhike.”

Trrrr. Ukingo ukaisha. Uzi ukaanza kuingia kwenye upinde. Munira akang’ata andazi.

Bi Mwanne akatabasamu. Alishamnasa. Akavuta mara nyingine, safari hii taratibu, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija, akafungua kinywa amuulize binti wa watu shali ameinunua wapi.

“Mama, acha!”

Khalidi alikuwa ameshapiga magoti mkekani, kaudaka uzi, na vidole vyake vinaokota vitanzi kimoja kimoja kabla havijakimbia.

“Acha, mama! Upinde huo umenitesa njia nzima ya Singida!”