Kamba ya Elkana

Miganda ya shayiri ilipokwisha kupangwa uani, Elkana akakumbuka mmoja aliousahau shambani. Sheria ya mababu aliijua tangu utotoni: mganda uliosahauliwa mwenye shamba haurudii, wala suke lililoanguka haliokoti; ni vya mgeni, yatima na mjane. Hata hivyo alichukua kamba, akarudi.

Akamkuta Tirsa, mjane wa marehemu jirani yake, ameukumbatia mganda ule.

Mama wa watu aliuachia upesi. "Nisamehe, Bwana Elkana. Nilidhani umeusahau."

"Nimeusahau kweli, mama. Uchukue."

"Na hiyo kamba?"

Elkana alihisi masikio yanawaka moto. "Nimekuletea wewe, ufungie."

Tirsa aliitazama kamba ile. "Basi Mungu akulipe kama ulivyokusudia," alisema taratibu.

Elkana alipiga magoti, akaufunga mganda, akamtwika. Mjane akashika njia bila kugeuka nyuma. Suke moja likachopoka, likaanguka mbele ya miguu ya Elkana. Alilitazama mpaka Tirsa akapotea bondeni, wala hakuthubutu kuinama.