Lori la Bu Ok-rye

"Kesho," ilisema sauti ya Bwana Mun, mwenye lori, kwenye simu. "Kesho asubuhi, bila wasiwasi."

Tae-gon aliketi juu ya boksi lililoandikwa MABAKULI, akashika kichwa. Hiyo ilikuwa kesho ya sita.

"Jana pia ulisema kesho!"

"Si nimeshaongea na nyumbani kwenu leo hii, bwana? Tumekubaliana kesho." Simu ikakatika.

Amenichanganya na mteja mwingine, Tae-gon aliwaza. Si ajabu, maana wiki ile kisiwa kizima cha Jeju, kusini mwa Korea, kilikuwa kinahama. Ndivyo ilivyo kila mwaka. Mwishoni mwa Januari miungu walinzi wa nyumba hupanda mbinguni kupokezana kazi, na kwa siku nane hakuna wa kukasirika mtu akihamisha hata jiwe la jikoni. Wakishashuka, mzee wa Jeju hatoi ufagio wake kuupeleka nyumba nyingine mpaka mwaka mwingine.

Ilibaki siku moja.

Na hata lori lingekuja, lilipaswa kuvuka kwa meli hadi bandari ya Mokpo, kisha kupanda kaskazini mpaka mji wa Incheon, alikokuwa akiishi Tae-gon na alikotaka kumhamishia mama yake. Lingefika lini? "Kati ya siku tatu na kumi," Bwana Mun alisema, "bahari ikitaka."

Mama yake, Bu Ok-rye, aliingia kutoka bandani kwa kuku. Siku hizi hata huko alikwenda na simu yake mfukoni. Alichechemea. Mwezi wa Novemba aliteleza uani, mguu ukateguka, akalala juu ya mawe mpaka kulipokucha. Mwanawe alipata habari baada ya siku nne. Tangu hapo, kila simu ikilia kiwandani alikofanya kazi, aliacha mashine akaikimbilia.

"Wamesema kesho, mama."

"Ah! Watu wa malori." Ok-rye alitikisa kichwa kwa huzuni, akakunjua mkeka. "Kula kwanza."

Hakukuwa na cha kulia, kila kitu kilikuwa kimefungwa isipokuwa jiko la umeme la kupikia wali. Hilo hufungwa mwisho, ndilo hutangulia kuingia nyumba mpya. Lakini mlango ukasukumwa, akaingia Shangazi Mal-ja, jirani, na sinia la samaki wa kukaanga na figili.

"Bado upo?" alimuuliza Ok-rye. "Nilidhani leo nitapumzika masikio."

"Samaki wako wana chumvi kama bahari yenyewe."

"Basi usile. Tae-gon, mwanangu, kula wewe. Huko ghorofani kwako mama yako atamfokea nani? Lifti?"

"Heri lifti," alisema Ok-rye. "Lifti haiibi mayai."

Tae-gon hakucheka. Tangu utotoni aliwajua hivyo, kama paka na mbwa. Hata ile asubuhi ya Novemba, Mal-ja alimkuta mama yake uani kwa sababu tu alikuja kugombana juu ya kuku. Je, kama siku ile asingekuwa na ugomvi?

"Mama," alisema. "Likizo yangu inaisha keshokutwa. Lori lisipokuja kesho utakaa hapa mwaka mzima peke yako. Ukianguka tena, nani atakusikia?"

Mal-ja alimchambulia samaki miiba, akamwekea mnofu juu ya wali. "Kula, mwanangu," alisema polepole. "Umekonda."

Kesho yake Tae-gon alisimama njiani tangu alfajiri. Malori yalipita yamebeba makabati ya watu wengine, magodoro ya watu wengine. Alimpungia mkono kila dereva. Alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa. "Kesho, bwana."

"Kesho miungu wamerudi!" alipiga kelele, mtu mzima wa miaka hamsini, machozi yakimtoka barabarani. "Nifanyeje mimi? Nimbebe mgongoni?"

Aliporudi, mama yake alimnawisha uso kwa maji ya moto. Mal-ja alileta uji wa maboga, na siku hiyo hata yeye hakumtukana mtu.

Asubuhi ya siku iliyofuata, Tae-gon akiwa amevaa koti la safari na mfuko wake begani, lori liliegeshwa mbele ya ukuta wa mawe. Akashuka mzee mfupi mwenye kofia ya sufu. Ok-rye alitoka mlangoni. Mal-ja alichungulia juu ya ukuta.

"Umechelewa!" Tae-gon alimrukia. "Wiki nzima! Leo unakuja kuchukua nini?"

"Maboksi yangu niliyowaazima," alisema Bwana Mun. "Mizigo siigusi, mimi pia ni mtu wa Jeju. Lakini bwana, usinilaumu bure. Lori lilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi bibi mmoja alinipigia: 'Mimi ni Bu Ok-rye, leo siwezi, njoo kesho.' Kabla sijamaliza chai yangu, Bu Ok-rye mwingine anapiga, sauti nyingine kabisa, ananiomba yaleyale huku analia." Alivua kofia, akatazama mlangoni, kisha akatazama ukutani. "Naomba tu kujua, Ok-rye ni yupi?"

Bibi wale wawili waligeukiana, midomo wazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao wakakosa la kuambiana.